Mguu Una Nani?

Sista alitazama miguu ya mtu kabla ya kutazama uso wake. Ulimwamkia shikamoo, naye akakuitikia marahaba huku macho yake yako chini, kwenye vidole vyako, na kama umevaa ndara aliguna. Mguno ule sisi madereva wa bodaboda wa steji ya Mwabungo tuliujua kama tunavyozijua honi za pikipiki zetu. Ulikuwa mguno wa mtu aliyeonyeshwa uchafu katika nyumba safi.

"Marahaba. Na hicho kidole kidogo umekichoka?"

"Joto, Sista."

"Joto. Haya. Siku lami itakapokichukua, uiambie kulikuwa na joto."

Watu walicheka. Yeye hakucheka hata siku moja, na mimi leo nikivikumbuka vile vicheko damu hunichemka.

Alikuwa muuguzi aliyestaafu. Sehemu kubwa ya kazi yake aliifanya katika chumba cha kusafishia vidonda, upande wa Msambweni, na alipostaafu hakurudi bara kama wengi walivyotarajia. Alibaki kwenye shamba lake huku ndani, kati ya mihogo na mikorosho, akafuga kuku na kuimba kwaya kanisani. Jina la Sista lilitoka naye hospitalini likamganda. Watoto walimwita Sista, wazee wa msikitini walimwita Sista, mchungaji wake mwenyewe alimwita Sista. Kiswahili chake kilikuwa cha hapa hapa petu, kilichonyooka, kiasi kwamba wageni walimdhani mwenyeji na sisi tunaojiita wenyeji tukamsikiliza tukaona haya.

Hasira zake hazikuwa na kelele. Mtu akipandisha sauti, Sista alishusha yake. Aliongea nawe taratibu, karibu na sikio, kama anakueleza namna ya kumeza dawa, na hapo ndipo ulipojua kwamba leo umepatikana.

Kilichomuudhi kuliko vyote ni mapambo. Pikipiki zetu tunazipamba kama maharusi: taa za rangi chini ya tangi, spika za kutikisa mbavu, kiti kilichovalishwa kitambaa chenye nyuzi za kuning'inia, bendera ya timu ya mpira ya Ulaya, mwavuli mkubwa kama kibanda. Halafu juu ya fahari yote hiyo ameketi mtu mwenye miguu mitupu. Sista aliizunguka pikipiki ya namna hiyo polepole, akaigusa spika kwa ncha ya mwavuli wake.

"Hii ni ya nini?"

"Ya muziki, Sista. Abiria wanapenda."

"Na ukianguka itakuimbia?"

Alikuwa na hoja moja ambayo sijamsikia mtu mwingine akiitoa, si askari wala wale wanaotuitia semina kwenye mahoteli. Alisema kofia ngumu tunavaa kwa sababu tunaogopa kukamatwa. "Kichwa kina sheria," alisema. "Mguu una nani?" Mtu akivunjika paja, ndugu hulia na mchango huitishwa. Akichunika kifundo, huambiwa ni mchubuko tu, na kila anayepita humletea dawa yake. Kwenye chumba chake waliletwa watu waliopakwa dawa ya meno, waliopakwa oili chafu ya gari, waliomwagiwa unga wa ngano juu ya nyama mbichi. Wanawake walikuja na mashavu ya miguu yaliyochomwa na ekzosi, lile bomba la moshi, kovu juu ya kovu, wakaona aibu kusema kuwa ni bodaboda. "Mguu hauozi siku ya ajali," aliniambia. "Unaoza zile siku zinazofuata, mnapouona kuwa ni mdogo."

Sitaki mtu adhani kwamba alikuwa malaika. Alikuwa na ulimi mchungu hata pale ambapo ulimi mtamu ungefaa zaidi. Aliwahi kumwambia bwana harusi, mbele ya wakwe, kwamba viatu vyake vya ncha vitampa mguu wa bata. Aliwafundisha watu wenye kisukari kuacha vitu vitamu, na yeye mwenyewe nikimshusha dukani alinunua soda nyekundu baridi, akainywa amegeukia ukuta, kisha akafuta mdomo na kunitazama kana kwamba mimi ndiye niliyeinywa.

Na alipenda mwendo wa kasi. Hili nikilisema watu hawaniamini. Mwanamke huyo aliyetuhubiria usalama asubuhi na jioni, tukishafika ile sehemu iliyonyooka ya kuelekea Msambweni, barabara ikiwa tupu, alinigonga bega. "Mbona unaendesha kama unasindikiza jeneza? Ongeza moto!" Nikaongeza, na nyuma yangu nikamsikia akicheka, kicheko chembamba cha msichana. Nilipomuuliza itakuwaje tukianguka, alinijibu kwamba ndiyo maana amevaa viatu vya kufunika na mimi nimevaa buti, kwa hiyo niache maneno niangalie barabara.

Buti hizo alinichagulia yeye. Kabla ya hapo nilikuwa mtu wa ndara kama wenzangu, na siku za mvua nikivaa gambuti. Nilijivunia gambuti zangu mpaka alipoziona.

"Hii ni ya matope," alisema. "Ikigusa ekzosi inayeyuka. Na mpira ukiyeyuka juu ya ngozi hautoki peke yake, unatoka na ngozi. Nimeutoa mara nyingi. Na mayowe ya wenye miguu hiyo bado nayasikia."

Nikamwambia ukweli: pesa sina. Buti za waendesha pikipiki, zile za dukani kweli, bei yake ni ya kununua mbuzi ukabaki na chenji. Nilitarajia anigunie. Hakuguna. Alisema twende Kona ya Musa jioni, kwenye mitumba, kwa sababu jioni miguu imevimba kwa kazi na kiatu kinachokutosha asubuhi hukubana saa hizo. Na nije na soksi.

Muuzaji alikuwa kijana mchangamfu wa kutoka bara. Mbele ya kibanda alikuwa ametundika buti mpya za kung'aa, nyeusi, zenye zipu ubavuni na ubao wa plastiki mbele ya ugoko. Moyo wangu uliziendea moja kwa moja.

"Buda, hizo ni za marider wa majuu, wa ng'ambo huko," akaniambia. "Zimetoka kwa karatasi saa hii. Mathe, mshikie mtoto wako hapo, hiyo ni original."

"Mimi si mathe, ni mteja," Sista alisema. Akachukua mguu mmoja wa buti, mkono mmoja kwenye ncha na mwingine kwenye kisigino, akausokota. Ukajikunja kama nguo inayokamuliwa. Akanitazama. "Umeona? Hivi ndivyo mguu wako utakavyofanywa." Akabonyeza kisigino kwa kidole gumba, kikaingia ndani. Akabonyeza mahali pa kifundo, pakaingia ndani. Akapitisha ukucha kwenye maungio ya soli, hapakuwa na uzi hata mmoja, gundi tupu. "Na hii zipu ikikwama, tunakata kwa mkasi. Rudisha."

"Ah, Mathe, hiyo ndiyo wote wanachukua!"

"Najua. Huwa naletewa miguu yao."

Tukaingia kwenye fungu la chini, lile la viatu vilivyopauka. Alitoa buti za watu wa ujenzi, nzito, zenye chuma mbele. Zilikuwa imara hata mimi nilizikubali. Lakini alinituma nilete pikipiki mpaka mbele ya kibanda, nizivae, niweke mguu. Ile pua yenye chuma haikupita chini ya gia. Kila nikitaka kubadilisha ilinibidi niinamishe kichwa kutafuta. "Utatazama mguu badala ya barabara," alisema. "Hizi zilimwokoa fundi. Wewe zitakuua."

Tulizozipata mwishowe zilikuwa za kahawia, ngozi nene, zimepanda juu ya kifundo, zimeshonwa uzi pande zote, zenye kisigino cha kushika pedali. Soli zilikuwa zimelika. Sista alizigeuza, akazinusa, akasokota, zikagoma kusokoteka. Kisha akaona kitu: juu ya vidole vya mguu wa kushoto palikuwa na kovu jeusi, mahali ambapo gia imesugua miaka na miaka. "Hii imeshapanda pikipiki," akasema, na kwa mara ya kwanza siku ile akakaribia kutabasamu. Alinivalisha, akaniambia nifunge kamba na kuzichomeka ndani zisije zikanaswa na kiki ya kuwashia, nisimame, nichuchumae, nitembee. Halafu bila kunionya akanipiga kwenye kifundo kwa mpini wa mwavuli.

"Umesikia?"

"Kidogo, Sista."

"Kidogo nakubali. Ungesikia sana kwa mwavuli, kwa lami ingekuwaje?"

Bei yake ilikuwa chini kuliko ya zile za zipu, na badala ya kumfurahisha jambo hilo lilimkasirisha. Njia nzima ya kurudi alilisema. Maskini anauziwa karatasi kwa bei ya ngozi, na ngozi yenyewe imelala chini ya fungu kwa sababu hakuna aliyemfundisha kuitafuta! Fundi viatu akaniwekea soli ya mpira wa tairi. Sista akanielekeza nizipake mafuta ya nazi, na zikilowa nizijaze magazeti, nisizianike juani zikakakamaa. Nilifanya hivyo. Nilipokuja kubanwa na lori kwenye ukingo wa barabara, ubavu wa buti ulichanika na mguu wangu ukatoka mzima. Nilikwenda kumwonyesha. Aliichukua ile buti, akaupapasa mchaniko wake, akaiambia, "Pole, mama." Mimi hakunipa pole.

Sasa nije kwenye jambo lililonifanya nishike kalamu.

Baada yangu, Sista alipata wazo kwamba steji nzima ivae buti. Kulikuwa na mheshimiwa aliyekuwa akitafuta kura, na watu wa namna hiyo msimu ule hawakatai kitu. Sista alimwendea ofisini, akarudishwa, akaenda tena, akakaa kwenye benchi la nje mpaka wapambe wakachoka kumruka. Mheshimiwa akakubali. Akasema vijana wake atawavisha mwenyewe, na tena steji yetu ataijengea kibanda cha kujikingia mvua.

Siku ya siku hema lilisimamishwa uwanjani, muziki ukapigwa, sisi tukapangwa mistari. Kwanza tuligawiwa vizibao vya kung'aa vyenye sura ya mheshimiwa mgongoni, ili kila anayetufuata barabarani aione. Kisha zikaletwa buti ndani ya magunia. Zilikuwa nyeusi, za kung'aa, zenye zipu ubavuni.

Sista alikuwa amekalishwa mstari wa mbele, na gauni lake la kanisani, kwa sababu ilikuwa aitwe kuomba dua. Nilimwona akiinua mkono. "Naomba moja nione." Mpambe akampa kwa furaha, na mpiga picha akasogea. Sista akaiweka mapajani. Mikono yake nikaiona inafanya ile kazi, ncha na kisigino, na buti ikajisokota yote. Akafungua mkoba, akatoa mkasi wa bendeji, ule wenye ncha butu ambao aliubeba kama wanawake wengine wanavyobeba kitana, akaanza kuikata soli. Mpiga picha bado anapiga picha. Ilikatika bila taabu. Akachomoa kutoka ndani kipande cha boksi, boksi la kawaida la dukani, lenye maandishi.

Alipoitwa kwenye kipaza sauti alikwenda nacho.

"Mheshimiwa," alisema, kwa ile sauti yake ya chini, na uwanja mzima ukamsikia kwa sababu ya kipaza sauti, "niliomba buti. Hili ni boksi la sabuni. Nimelisoma, limeandikwa lisilowe maji. Vijana hawa wanafanya kazi kwenye mvua. Nakuomba uzirudishe ulikozitoa, kwa sababu mtu mwenye ndara anajua hana kitu mguuni na anakwenda kwa hadhari, lakini aliyevaa hizi atajiamini. Umewanunulia kujiamini. Mimi siwezi kuliombea dua jambo hili."

Wakamnyang'anya kipaza sauti. Msemaji akapiga kelele kwamba mama ametumwa na wapinzani. Muziki ukafunguliwa. Mheshimiwa akaondoka na msafara wake, bado anapunga mkono.

Nilitegemea nini? Nilitegemea wanaume wale, ambao karibu kila mmoja wao ana kovu aliloshonewa au kusafishiwa na mikono ile, wainuke. Hawakuinuka. Walikimbilia magunia kugombea buti kabla hazijarudishwa garini.

Kibanda cha steji hakikujengwa, na wakahitaji wa kumlaumu. Mwenyekiti wetu, mtu mwenye sauti nzuri na anayejua kuipanga hotuba, aliitisha mkutano.

"Yule mama ametuharibia," alisema. "Kuanzia leo hakuna kumbeba. Atakayembeba atoke kwenye foleni. Kama hapapendi hapa, arudi kwao bara."

Nikasimama. "Kwao ni wapi, mwenyekiti? Mwanao alipomwagikiwa uji wa moto ulimkimbiza bara, au ulimkimbiza kwa Sista?"

"Hayo ni mengine," akasema.

"Ni yapi hayo mengine?"

"Kaa chini. Wewe umenunuliwa kwa viatu vya mitumba."

Wakacheka. Nasema wakacheka, wallahi, watu wazima wenye watoto, wamevaa maboksi ya sabuni miguuni na sura ya mtu mgongoni, wakamcheka mwanamke aliyewaambia ukweli. Na hilo neno "kwao" ndilo lililonikaa kooni. Mtu amemzika mumewe katika mchanga huu, amepanda mikorosho iliyokwisha kuzeeka, amewapokea mikononi nusu ya watoto wa kijiji, lakini siku anapokosana na tumbo la mtu anakumbushwa kwamba alikuja kwa basi.

Asubuhi yake nilimkuta anatembea kwa miguu kuelekea lami, kapu la mayai kichwani. Nikasimamisha pikipiki.

"Panda, Sista."

"Nimesikia habari za mkutano. Usinibebe. Una watoto."

"Panda."

"Watakutoa kwenye foleni."

"Wameshanitoa, kwa yale niliyosema mkutanoni. Sasa ukikataa nitakuwa nimetolewa bure."

Akanitazama miguuni, akapanda. Nikampeleka mpaka Ukunda. Tangu siku hiyo nikawa dereva wa ng'ambo ya barabara, nawangoja abiria karibu na kituo cha mafuta, peke yangu, na wenzangu wakinipita wakipiga honi za kejeli. Kipato kilipungua. Mke wangu alinuna, kisha alipojua sababu yake akanuna na wao. Sista naye hakuacha kupita mbele ya steji. Alisimama pale pale kila mara, akaangalia zile buti zilivyoanza kuachama midomo, akaguna, akavuka barabara kuja kwangu.

Mwenyekiti alianguka kwenye barabara ya Galu, mchana kweupe, kwa mwendo mdogo. Tuktuk ilikata mbele yake bila ishara, naye akaenda ubavu. Mtu aliyevaa buti ya kweli angeinuka akatukana akaenda zake. Soli yake ilibanduka ikabaki barabarani peke yake, na mguu ukaburutwa chini ya pikipiki bila kitu. Hospitalini waliuokoa mguu. Vidole viwili hawakuweza. Kisha akarudishwa nyumbani na kuambiwa kidonda kisafishwe kila siku, na nyumba yake iko ndani kabisa, njia ya mchanga, mtu wa hali ile hawezi kukaa juu ya bodaboda akarushwarushwa kila kukicha.

Sista alikuja kwangu ng'ambo ya barabara na mkoba wake. "Nipeleke kwa mwenyekiti."

"Kufanya nini, Sista?"

"Swali gani hilo?"

Nilimpeleka huku nimekasirika. Nikaingia naye mpaka ndani kwa sababu alitaka mtu wa kushika beseni. Mwenyekiti alipomwona akageuza uso ukutani. Mkewe akaleta kahawa na mahamri kwenye sinia. Sista akasema asante mwanangu, weka hapo, akanawa, akavaa glavu, akaanza kufungua bendeji. Harufu ilijaa chumba.

"Nani amepaka asali hapa?"

"Jirani alisema..." mke alianza.

"Jirani aje apake asali kwenye chai yake. Wewe nyosha mguu."

Alisafisha kidogo kidogo, na muda wote alimsema. Alimwambia kwamba ni mjinga, na tena ni mjinga mwenye cheo, ambaye ndiye mbaya zaidi, kwa sababu ujinga wake unavaliwa na watu wengine. Alimuuliza kama sasa anaijua tofauti ya boksi na ngozi. Sauti yake ilikuwa ile ya chini, na mikono yake ilikuwa laini kiasi kwamba mwenyekiti hakupiga kelele hata alipotolewa ngozi iliyokufa. Machozi yalikuwa yakimtoka. Mwishoni akageuka.

"Sista, nisamehe."

"Sikuja kusamehe. Nimekuja kusafisha kidonda. Nyosha mguu, sijamaliza."

Tulikwenda hivyo mpaka kidonda kikafunga. Kahawa ya nyumba ile Sista hakuwahi kuinywa.

Mtu atauliza, basi mambo yakaishaje? Hayakuisha popote, na hilo ndilo linaloniudhi. Hakuna mkutano ulioitishwa. Hakuna aliyesimama mbele za watu akasema tulimkosea. Siku moja dereva mmoja alimbeba, kesho yake mwingine, nami nikaambiwa nirudi foleni kana kwamba nilikuwa nimesafiri. Mwenyekiti anachechemea na bado ni mwenyekiti. Mheshimiwa alipata alichokuwa anatafuta. Zile buti zilizobaki kwenye magunia niliziona Kona ya Musa zikitundikwa, na watu wakizinunua. Wachache kwenye steji yetu siku hizi huenda kwenye fungu la chini na kusokota viatu kabla ya kulipa. Sista alipoelezwa habari hiyo kama habari njema aliuliza, "Na wale wengine?"

Mara ya mwisho nilipokaa naye ilikuwa katika kliniki moja ndogo, Ukunda. Nilikuwa nimemleta abiria, nikamwona Sista kwenye benchi la wagonjwa, amekonda, ameegemea ukuta, pumzi fupi. Moyo, alisema. Moyo umechoka. Nilimuuliza tangu saa ngapi yuko pale, akasema tangu asubuhi. Wauguzi wadogo walipita mbele yake na majalada bila kumtazama. Mimi nikainuka.

"Unakwenda wapi?"

"Kuwaambia wewe ni nani."

"Keti." Akanishika mkono. "Hawa waliotangulia mbele yangu nao ni nani? Keti nikwambie kitu."

Nikaketi. Akavuta pumzi, akasema, "Unajua kazi niliyoichukia hospitalini? Mguu wa mtu ukikatwa lazima uzikwe. Kuna jamaa wanaokuja kuuchukua, wakauzika vizuri. Wengine huona haya, huogopa, hawaji. Basi mimi niliubeba. Mguu ni mzito, mwanangu. Ukiwa nao mwilini hujui. Ukiubeba peke yake ndipo unaujua uzito wake. Miguu ya vijana, ina vumbi bado kwenye kucha." Akanipa mkoba wake nimshikie. "Mliniona mkali. Mimi nilikuwa nimechoka kubeba."

Nikautundika mkoba begani. Niliushika mkono wake, ukiwa mwepesi kama jani kavu la mnazi.

Muuguzi mmoja akatokea mlangoni, akaita jina. Jina refu, la kizungu mbele na la bara nyuma. Hakuna aliyeinuka. Akaita tena, kwa sauti zaidi, na mimi nikageuza shingo pamoja na wengine kumtafuta mwenye jina hilo ambaye anatuchelewesha. Kando yangu Sista akaanza kuinuka, mkono mmoja ukutani.

Miaka yote ile, na mimi sikuwa nimewahi kulisikia. Sitaliandika hapa, yeye hakunipa mimi, alilitoa kwa ajili ya jalada lao.

"Kumbe upo, nyanya? Nimeita mara ngapi?"

"Halijaitwa siku nyingi," Sista alisema. "Nilikuwa nalingojea linifikie."

Muuguzi akanitazama, nimesimama na mkoba wa mwanamke begani na kofia ya pikipiki mkononi. "Na huyu ni nani wako? Ndani wanaingia jamaa peke yao."

Nikafungua mdomo kusema kwamba mimi ni dereva tu.

"Huyu ni wangu," Sista alisema, akaniegemea, tukaingia.